Dawa za Kichina za "kuzungusha damu"



Barua zilizonifikia mwezi huu zina swali moja linalojirudia, ingawa kila mmoja ameliuliza kwa namna yake. Mama mmoja wa Temeke anataka kujua kama kweli ipo mizizi ya Kichina inayoweza kuzibua mishipa ya mumewe aliyepooza upande mmoja. Kijana wa Mwanza anauliza hiyo "chi" inayotajwa kwenye vikaratasi vya dawa ni kitu gani, au ni jini? Mwingine ni mjamzito wa miezi mitano. Ameuziwa unga mwekundu wa kuongeza mzunguko wa damu, naye ameuweka kabatini akisubiri jibu langu. Nitamjibu. Lakini kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe, kwani hapa mjini maneno "damu yako haizunguki" yamekuwa kapu la kutupia kila maumivu: miguu ikifa ganzi ni damu, kichwa kikigonga ni damu, hata mtu akikosa usingizi kwa sababu ya madeni ataambiwa ni damu.

Tuanze na hiyo chi. Wachina wenyewe, wakiandika kwa herufi za Kilatini, huiandika qi. Watu wamejaribu kuitafsiri kuwa pumzi, nguvu, hata roho, na hakuna neno hata moja kati ya hayo linalotosha. Kwa tabibu wa Kichina, chi ndiyo inayosukuma chakula kisagwe tumboni, inayoutunza mwili usipoe, na inayoishika damu ibaki ndani ya mishipa yake isivuje. Hakuna maabara iliyowahi kuipima chi kwa kipimo chochote, wala huwezi kuiona kwa hadubini. Ichukue kama lugha: namna ya kueleza kazi za mwili iliyoanza kuandikwa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, wakati ambapo hakukuwa na namna nyingine.

Na lugha hiyo inasema nini juu ya damu? Inasema chi ndiye kiongozi na damu ndiyo inayoongozwa. Mkazi wa mjini atanielewa nikitumia mfano wa maji ya bomba. Maji yanaweza yasifike nyumbani kwako kwa sababu mbili tofauti kabisa. Huenda bomba limeziba kwa tope na kutu. Au huenda bomba ni safi, ila presha imekuwa ndogo mno na maji hayana nguvu ya kupanda mpaka kwako. Fundi asiyejua tofauti hiyo atachimba barabara nzima bure. Basi tabibu wa Kichina aliyesoma kazi yake, mgonjwa anapokuja, hujiuliza swali lile lile: je, hapa damu imekwama, au chi imepungua, au chi ipo lakini imejikunja mahali pamoja kwa hasira na mawazo?

Ili kujibu, anaangalia ulimi na kushika mshipa wa kifundo cha mkono, mkono wa kulia na wa kushoto, kwa vidole vitatu. Maumivu yanayohamahama, yanayojaza kifua au tumbo kama upepo na kuzidi mtu akiudhika, atasema ni chi iliyokwama. Maumivu ya kuchoma kama kisu, yasiyohama mahali pake na yanayozidi usiku, pamoja na ulimi wenye rangi ya zambarau, atasema ni damu iliyokwama. Nataka mlishike hilo, maana wapo wenye vyumba vya biashara ambao hukupa kijiti cha chuma ukishike, kompyuta ikatoa kurasa kumi za magonjwa yako, na mwisho wakakuuzia makopo wakisema ni tiba ya Kichina ya maelfu ya miaka. Hakuna kijiti cha aina hiyo katika tiba ya kale ya Wachina. Hiyo ni biashara ya juzi.

Sasa tuje kwenye dawa zenyewe. Hapa ndipo nilipopata mshangao nilipoanza kusoma habari hizi, kwani baadhi ya vitu wanavyoviheshimu Wachina sisi tunavikanyaga kila siku. Mnaijua ndago? Yale majani sugu shambani, unayang'oa leo na kesho kutwa yameota tena, yenye viazi vidogo vyeusi mizizini vinavyonukia. Mkulima huyalaani. Mchina huvichimba hivyo viazi vidogo, huvikausha na kuviita xiangfu, na ni miongoni mwa dawa zake kuu za kuifungua chi iliyokwama, hasa kwa wanawake wenye maumivu ya hedhi. Nyingine ni ganda la chenza lililokaushwa. Lile la Xinhui, katika jimbo la Guangdong, huwekwa miaka mingi kabla ya kutumiwa, na kadiri linavyozeeka ndivyo bei inavyopanda, sawasawa na watu wengine wanavyohifadhi mvinyo.

Kwa upande wa damu, inayoongoza ni danshen, mzizi mwekundu kama tofali. Ipo chuanxiong ya jimbo la Sichuan, ambayo husemwa kuwa inaingia kote kuwili, kwenye damu na kwenye chi, na hupewa wenye kuumwa kichwa. Ipo danggui, inayolimwa zaidi Gansu, mzizi wenye harufu nzito ambao akina mama wa Kichina hupika nao supu ya kuku. Ipo honghua, maana yake ua jekundu. Ipo mbegu ya ndani ya kokwa la pichi. Yapo hata manjano yetu haya haya ya pilau, ambayo katika vitabu vyao yamewekwa kwenye fungu la dawa za kuisukuma damu.

Na upo ubani, na manemane. Huko China hivi viwili hutembea pamoja kama mtu na mdogo wake: aliyeanguka, aliyevunjika, aliyevimba kwa kipigo, hupewa ubani na manemane ili damu iliyovilia isambae. Lakini miti yake haioti China. Huota Somalia, Ethiopia na Arabuni, na biashara hiyo si ya jana. Mwaka 1974 wataalamu waliifukua meli ya kale kwenye tope la ghuba ya Quanzhou, mji wa bandari wa kusini mashariki ya China. Meli hiyo ilizama karne ya 13, na ndani yake mlikuwa na shehena ya miti ya kunukia, pilipili manga na ubani. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya "dawa za Kichina" tujue kwamba sehemu ya kabati lao ilijazwa na mabaharia wa bahari hii hii yetu.

Niwasimulie kidogo habari za mtu mmoja, maana bila yeye huwezi kuelewa kwa nini mumewe yule mama wa Temeke ameandikiwa dawa aliyoandikiwa. Aliitwa Wang Qingren, alizaliwa mwaka 1768 na kufariki mwaka 1831. Alikuwa tabibu mwenye tabia ya ubishi. Alivisoma vitabu vya wahenga wake akaona michoro ya viungo vya ndani haiafikiani, akajiuliza: tunatibu kitu ambacho hatujakiona? Kuupasua mwili wa maiti ilikuwa mwiko. Mwaka 1797, akiwa Luanzhou, ulizuka ugonjwa uliowaua watoto wengi. Maskini walizika juu juu, mbwa wakafukua. Wang alikwenda makaburini kila asubuhi kwa siku kadhaa, katika harufu ile, akaviangalia viungo vya miili zaidi ya 30 ili apate picha moja kamili. Baadaye alifuatilia pia miili ya watu waliouawa kwa hukumu za serikali. Mwaka 1830 alitoa kitabu cha kusahihisha makosa ya matabibu.

Sasa sikilizeni. Katika kusahihisha makosa ya wenzake naye aliongeza ya kwake. Aliikuta mishipa mikuu ya maiti mitupu, akadhani hupitisha hewa. Aliikuta damu imejaa kifuani kwa miili ile iliyoraruliwa, akadhani hapo ndipo nyumba ya damu ilipo hata kwa mtu aliye hai. Lakini mchanganyiko alioubuni kwa ajili ya hiyo "nyumba ya damu", wenye vitu 11 pamoja na danggui, chuanxiong, ua jekundu na kokwa la pichi, unatumika China mpaka leo kwa wenye maumivu ya kifua. Ramani yake ilikuwa na kasoro, ila watu hawakuacha kuipita njia aliyoichora.

Mchanganyiko wake wa pili ndio uliofika Temeke. Ni wa mtu aliyepooza nusu mwili baada ya kiharusi. Angalieni vipimo vyake: mzizi uitwao huangqi, ambao huiongeza chi, gramu 120 hivi, halafu vitu vingine sita vya kuisukuma damu, minyoo ya ardhini ikiwamo, gramu chache chache tu kila kimoja. Yaani karibu mzigo wote ni wa kuongeza presha, na kidogo sana ni wa kuzibua bomba. Alisema kwamba mtu huyu hajaziba tu. Ameishiwa nguvu ya kusukuma. Utakubali kwamba ni hoja iliyofikiriwa, hata kama huamini chi.

Lakini hoja iliyofikiriwa si sawa na dawa iliyothibitishwa, ndugu msikilizaji, na hapa ndipo lazima tuwe wagumu kidogo. Je, dawa hizi zimepimwa kama zinavyopimwa dawa za hospitali? Baadhi zimepimwa. Mwezi Oktoba 2023 jarida la madaktari wa Marekani lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika katika hospitali 124 za China, likihusisha wagonjwa zaidi ya 3,700 waliopata shambulio kali la moyo. Wote walipewa matibabu ya kawaida ya kisasa. Nusu yao waliongezewa vidonge viitwavyo Tongxinluo, na nusu nyingine walipewa vidonge vya kufanana navyo ambavyo havina dawa, bila mgonjwa wala daktari kujua nani kapewa nini. Ndani ya vidonge hivyo vya Tongxinluo kuna nge, ruba, tandu, ubani na vinginevyo. Usicheke, mate ya ruba yana kitu kinachozuia damu kuganda, na jambo hilo sayansi inalijua vizuri. Baada ya siku 30, waliopatwa na vifo au matatizo makubwa ya moyo na kiharusi katika kundi la vidonge halisi walikuwa asilimia 3.4, na katika kundi la pili asilimia 5.2. Tofauti hiyo si ndogo.

Msikimbilie dukani bado. Mwaka 2024 jarida la Lancet la Uingereza lilichapisha jaribio jingine la huko huko China. Safari hii dawa ilikuwa ya kunywa, yenye mitishamba minne, chuanxiong ikiwemo, na ilipewa wagonjwa wa kiharusi cha kuvuja damu kwenye ubongo. Walihusika wagonjwa zaidi ya 1,600. Matokeo: hakuna tofauti. Waliopewa dawa na waliopewa ya bandia walifika mahali pamoja. Mimi nawavulia kofia watafiti hao wa Kichina, kwa sababu walichapisha jibu ambalo wauzaji wao hawakulipenda.

Umesikia nilivyosema "kiharusi cha kuvuja damu"? Hili ndilo ningependa mama wa Temeke alisikie kwa masikio mawili. Viharusi viko vya aina mbili kubwa. Kimoja hutokana na damu kuganda na kuziba mshipa wa ubongo. Kingine hutokana na mshipa kupasuka, damu ikamwagika ndani ya ubongo. Kwa nje vinafanana: mdomo umekwenda upande, mkono hauna nguvu, maneno hayatoki. Kwa kumtazama mgonjwa au kumshika mshipa wa mkono huwezi kuvitofautisha kwa uhakika. Inahitajika picha ya kichwa kwa mashine ya CT. Na dawa inayozuia damu kuganda, iwe kidonge cha aspirini au mzizi mwekundu, unaweza kuona itamfanya nini mtu ambaye mshipa wake umepasuka. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mama huyu halihusu uzuri au ubaya wa dawa ya Kichina. Ni hili: mzee alipigwa picha ya kichwa? Majibu yalisema aina gani? Karatasi hiyo aende nayo kwa daktari wake kabla ya kuchemsha chochote.

Kuna jambo la pili, na hili nimeliona karibu na nyumbani. Mtaani kwetu yupo fundi cherahani mstaafu, mzee wa watu, aliyewekewa vali ya bandia kwenye moyo. Watu wa namna hiyo hunywa wafarini maisha yao yote ili damu isigande kwenye vali, na hupimwa damu kila mara kwa sababu dawa hiyo ina mstari mwembamba: ikipungua damu inaganda, ikizidi damu inavuja. Wanawe, kwa mapenzi mema, walimnunulia vidonge vya Kichina vya mzunguko wa damu. Baada ya wiki chache akaanza kutoka mavilio mikononi bila kugongwa, fizi zikawa zinatoa damu, na asubuhi moja pua ikavuja isikatike. Hospitalini wakamwuliza, "Mzee wetu, unatumia dawa gani nyingine?" Akajibu hakuna. Hakuwa anadanganya. Kwake yeye dawa ni ya hospitali. Ile nyingine ni mizizi tu. Ni mjukuu wake aliyekumbuka kulileta kopo, na kwenye lebo, kwa herufi ndogo, kulikuwa na neno danshen. Mzee alipona, mshukuru Mungu.

Si kisa cha kwetu peke yetu. Madaktari wa Hong Kong waliandika juu ya wagonjwa wa namna hiyo hiyo tangu miaka ya 1990: watu wa wafarini waliotumia danshen, damu yao ikawa nyepesi kupita kiasi. Danggui nayo imeandikwa hivyo hivyo. Ukitazama kwa makini, hiyo ni dalili kwamba mizizi hii si maji ya kunywa. Ina kitu ndani yake. Mtu hawezi kusema dawa hii ina nguvu ya kuzibua mishipa na papo hapo akasema haina madhara kwa sababu ni majani. Achague moja.

Nilisahau kutaja figo. Huko Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliokwenda kwenye kliniki moja kupunguza unene walipewa vidonge vyenye mitishamba ya Kichina. Mtishamba mmoja ulikuwa umechanganywa na mwingine wenye jina linalokaribiana nao, wa jamii ya Aristolochia. Zaidi ya wanawake 100 waliharibika figo, na baadhi yao baadaye walipata saratani ya njia ya mkojo. Kosa la jina moja! Ndiyo maana kopo lisilo na orodha ya vilivyomo kwa lugha unayoisoma ni bora libaki dukani.

Najua yupo atakayesema, "Mwandishi huyu ametumwa na wazungu wa dawa za viwandani." La hasha. Dawa mseto ya malaria, ambayo imeokoa watoto wetu tangu katikati ya miaka ya 2000, imetoka kwenye mtishamba wa Kichina. Bibi Tu Youyou na wenzake, katika mradi ulioanza mwaka 1967, walikusanya mapishi ya kale zaidi ya 2,000, wakachuja na kujaribu, wakashindwa, wakarudia. Kitabu cha karne ya 4 kilisema mmea uloweshwe kwenye maji na kukamuliwa, hakikusema uchemshwe. Hapo akatambua kwamba joto ndilo lililokuwa likiiua dawa. Mwaka 2015 akapewa tuzo ya Nobel. Mmea huo sasa unalimwa hata Afrika Mashariki. Wachina wenyewe ndio waliotuonyesha namna ya kuuliza mzizi maswali mpaka useme kweli.

Na madaktari wa Kichina si wageni kwetu. Walifika Zanzibar mwaka 1964 na Tanzania Bara mwaka 1968, wengi wao wakiwa madaktari wa hospitali za kawaida. Zahanati za binafsi za tiba ya Kichina zilianza kuonekana kwa wingi Dar es Salaam miaka ya 1990. Anayetaka kuzitumia anayo haki ya kuuliza kama mtoa huduma amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Anayestahili atakuonyesha cheti bila kununa. Mwambie pia dawa zote unazotumia, na hospitalini waambie habari za mizizi. Kama unatarajia kupasuliwa, daktari wa upasuaji ajue mapema, siyo asubuhi ya siku yenyewe.

Kuhusu yule dada mwenye unga mwekundu kabatini, sijui ndani yake mna nini kwa kuwa pakiti, asema, haina maandishi. Lakini haihitajiki maabara kumjibu. Vitabu vya kale vya Wachina, tangu zamani kabla hatujafikiriwa, huorodhesha dawa zinazokatazwa kwa mjamzito, na dawa za kuisukuma damu, ua jekundu na kokwa la pichi zikiwamo, zimo kwenye orodha hiyo kwa sababu zinaweza kuharibu mimba. Aliyemwuzia unga huo huku tumbo analiona, ama hakusoma vitabu vya tiba anayoiuza, ama alisoma akanyamaza. Dada, usiunywe. Uchukue na pakiti yake, nenda nao kliniki siku yako ya kupima, mwonyeshe mkunga.